Maneno ya Binti Yake

Wifi yangu ana tabia ya kuitika wakati hakuna aliyemwita.

Tunakuwa tumekaa sebuleni, mimi nakunja nepi, yeye yuko mezani kwake pale dirishani na ile kompyuta yake ambayo kioo chake kinashikiliwa na kibanio cha nguo. Kimya. Hata redio haijawashwa. Mara anainua kichwa, anageukia mlango wa chumba cha ndani, anasema, "Abee?" Kisha anajishtukia, anajikohoza kidogo, anarudi kwenye kazi yake. Mimi nami najikuta nakunja nepi ileile mara ya pili. Chumba hicho cha ndani sasa tunalala sisi, mimi na mume wangu na mtoto. Zamani kilikuwa cha mama yao, na ndimo alimougulia.

Wifi mwenyewe nilimzoea. Aliyenitia baridi ni mwanangu. Tunamwita Kijino, kwa sababu ya lile jino moja lililotangulia wenzake. Alizaliwa miezi miwili baada ya bibi yake kuzikwa, hawakuonana hata siku moja, lakini shangazi yake akiitika, na yeye hugeuka kutazama mlango uleule. Nilijiambia anaiga tu. Watoto huiga.

Wifi alisomea ubunifu wa michoro, miaka mitatu chuoni. Hapa mtaani watu hawakuielewa hiyo kazi. Jirani yetu fundi cherehani, tunayemwita Mama Pindo, alikuwa akimtania kila akipita: "Miaka mitatu unasomea kuchora? Mjukuu wangu anachora ukutani bure, tena namchapa!" Wifi anacheka. Mimi alikaa nami akanieleza. Alichukua pakiti ya sabuni, akaigeuza mkononi, akaniuliza, "Wifi, umejuaje hii ni sabuni kabla hujasoma?" Nikamwambia rangi, na mapovu yaliyochorwa pale. "Basi kuna mtu alikaa siku nne akiyafikiria hayo mapovu." Tangu siku hiyo siwezi kununua kitu bila kumfikiria huyo mtu wa siku nne. Mimi nimeishia shule ya msingi, lakini jambo likielezwa vizuri linaniingia.

Alipomaliza chuo akaanza kutafuta kazi. Blauzi ni ile moja ya bluu, mimi naipiga pasi, yeye anapangusa viatu kwa kitambaa chenye maji. Chini ya kwapa ana lile faili lake kubwa jeusi lenye kazi zake: lebo ya asali, kalenda, boksi la viatu, bango la mashindano ya mbio. Akirudi, kabla hajavua viatu nimeshajua. Akiingia na kusema "Kijino yuko wapi?" ujue wamemkataa.

Haikuwa kwamba kazi zake ni mbaya. Kila ofisi walizisifia. Tatizo lilikuwa swali moja, nalo lilimfuata kila alikokwenda, kama watu wale walikuwa wameambizana. "Hizi ni za darasani, binti. Una kazi yako iliyochapwa, ikatoka nje, ikashikwa na watu?"

"Sina."

"Ukiipata, rudi."

Mume wangu alikasirika aliposimuliwa. "Hiyo ni sawa na kuambiwa usiende kuposa mpaka uwe umeshaoa!" Tulicheka wote, hata wifi. Kisha akainuka na kwenda kunawa uso, akakaa huko muda mrefu.

Kwa sababu alikuwa akiwadanganya. Kazi iliyochapwa alikuwa nayo. Nakala mia mbili.

Mwaka wake wa mwisho chuoni, mwalimu aliwagawia kazi kwa kura. Mwenzake mmoja akapata menyu ya hoteli, mwingine kadi ya harusi. Wifi akaokota kijitabu cha mazishi. Ni karatasi moja tu iliyokunjwa katikati: picha ya marehemu mbele, ndani historia yake, na visanduku vya maneno ya watu wake. Wabunifu hawawezi kupanga ukurasa mtupu, lazima waweke uso wowote na maneno yoyote ya kushikilia nafasi, ili waone kazi itakavyokaa. Wifi akatazama huku na huku nyumbani, akamwona mama yake kwenye kiti karibu na dirisha anachambua mboga. Akampiga picha.

"Ya nini hiyo?" mama akauliza.

Akamwambia.

"We mtoto! Unaniua nikiwa mzima?"

"Ni sampuli tu, mama."

Mama alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Basi ningoje nivae lile gauni lenye kola. Watu wasije wakasema nimezikwa nimetoka jikoni." Akaenda akalivaa, akarudi bado anacheka, na ndiyo picha iliyowekwa. Mimi nilikuwepo, mchumba tu wakati huo, nimekuja kusalimia. Sijawahi kuona picha ya mtu mzima imekaa na raha kiasi kile.

Ndani, kwenye visanduku, wifi akaweka maneno ya kushikilia nafasi. Kwenye kimoja aliandika: Hapa yatakaa maneno ya binti yake, mistari minne au mitano. Mwalimu akampa alama za juu kuliko wote.

Haukupita mwaka, mama akaugua kweli. Wiki tatu. Wifi alikuwa anamalizia kazi ya mwisho ya chuo, meza yake ni hiyohiyo, mama yuko ndani. Anaita. Wifi anaitika, "Abee, nakuja mama," macho kwenye kioo, mkono unasogeza kitu hiki kidogo kulia, kidogo kushoto. Mama anaita mara ya pili, ndipo anainuka. Ilikuwa hivyo kila siku. Wala hakuwa na roho mbaya, kazi ya namna ile humeza mtu. Wakati mwingine nilikwenda mimi, na tumbo langu mbele, na nilikuwa naona mama anavyonichungulia begani kuona kama kuna mwingine anakuja nyuma yangu.

Alhamisi moja mchana, mama aliita mara moja tu.

Mazishi yakapangwa Jumamosi. Ijumaa asubuhi mume wangu, amevimba macho, akamwambia dada yake, "Si unacho kile kijitabu tayari? Badilisha tarehe tu." Akakifungua. Akabadilisha tarehe, akaandika historia, maneno ya kaka yake akayaweka, maneno ya majirani akayaweka. Akakitazama kikapendeza. Saa sita kikaenda kuchapwa.

Makaburini, mzee aliyekuwa akisimamia shughuli alikisoma kwa kipaza sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alikuwa mtu wa kusoma bila kutulia. Akafika pale, akasoma kwa sauti ileile ya heshima: "Maneno ya binti yake. Hapa yatakaa maneno ya binti yake, mistari minne au mitano." Ndipo akanyamaza. Akageuza karatasi nyuma, akairudisha. Mtu mmoja akakohoa. Nilikuwa nimemshika wifi mkono. Hakulia, ila vidole vyake vilikuwa baridi kama vimetoka mtungini.

Baada ya hapo akaanza kuvikusanya. Siku anakwenda kutafuta kazi, siku nyingine anapita nyumba za watu. "Shikamoo mama, samahani, bado mna kile kijitabu cha mama? Nina haja nacho." Wengine walidhani anataka kumbukumbu, wakampa kwa huruma. Wengine walinong'ona kwamba msiba umempanda kichwani. Mama Pindo alikuwa amebandika chake ukutani juu ya cherehani, na siku hiyo hakuleta utani.

"Mwanangu, rafiki yangu alikuwa mmoja tu, mama yako. Unanichukulia mara ya pili?"

Wifi akasimama pale pale, haondoki. Mwishowe Mama Pindo alikibandua mwenyewe taratibu ili kona zisichanike, akampa, akarudi kushona mshono ambao, nilivyouona, ulienda upande.

Vyote viliwekwa kwenye katoni ya sabuni juu ya kabati. Hata mimi aliniuliza. Nikamwambia changu kilipotea siku ileile ya mazishi. Uongo. Nilikuwa nimekificha ndani ya jalada la kadi ya kliniki ya mtoto. Niliwaza, huyu mtoto atakuja kuniuliza bibi yake alikuwaje, nami nitamwonyesha nini? Picha nyingine zote mama amekunja uso kama anadaiwa.

Ofisi ya kumi na moja ilipomkataa, asubuhi yake wifi alipanda kiti, akashusha katoni, akaenda nayo nyuma ya nyumba kwenye shimo la taka. Nilikuwa naanika nguo, Kijino mgongoni. Karatasi nzuri haishiki moto haraka. Inajikunja kwanza. Mama akawa anajikunja mmoja juu ya mwingine, gauni lenye kola, kicheko kilekile, na wifi anachokoa kwa kijiti mpaka vyote vikawa vyeusi. Nilisimama na shuka linalochuruzika maji mikononi, likanilowesha miguu.

Akaja kunawa mikono kwenye beseni langu. "Yamekwisha, wifi."

"Haya, wifi."

Akaingia ndani, akakaa mezani. Sijamaliza hata kuanika nikamsikia: "Abee?"

Wiki iliyofuata ilikuwa siku ya kumpima mtoto uzito. Mbele ya kliniki, ng'ambo ya barabara, kuna kiwanda kidogo cha uchapaji, na wifi alikuwa amesikia wanatafuta mtu. Tukaongozana. Mtoto alipimwa, ameongezeka, tukavuka. Mwenye kiwanda ni mama mmoja mfupi ambaye wafanyakazi wake wanamwita Miwani Mbili, kwa kuwa moja huwa puani na nyingine kichwani, na bado utamsikia, "Miwani yangu iko wapi?" Alinionyesha benchi nikae na mtoto. Mahali pananuka wino na mafuta ya mashine. Fundi mashine alikuwa anachomoa karatasi moja moja na kuzikagua mwangani kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele.

Miwani Mbili alifungua faili jeusi, akapitia yote. Lebo ya asali akairudia.

"Mkono unao," akasema. "Lakini haya ni ya darasani. Hakuna lolote lililotoka nje, watu wakalishika?"

"Hakuna," wifi akasema.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Labda ni kwa sababu kadi ya kliniki ilikuwa bado mkononi mwangu. Nikainuka, nikatoa kile kijitabu, nikakiweka juu ya meza.

"Kipo hiki."

Wifi alinigeukia. Nimeishi naye nyumba moja, nimemwona akilia, nimemwona mgonjwa, lakini uso ule sikuujua. Angenitukana ningeshukuru.

Miwani Mbili alikiangalia mbele muda mrefu. Akakifungua. Akashusha miwani ya kichwani juu ya ile ya puani, akasoma na kidole, mstari kwa mstari, mdomo unacheza. Kidole kikafika, kikasimama. Mashine nyuma ilikuwa inaendelea, chaka, chaka, chaka. Kijino akaacha kunyonya kidole.

"Huyu ni nani?"

"Mama yangu."

"Mzazi?"

"Mzazi."

"Nani alikisoma kabla hakijaenda mashineni?"

"Mimi."

"Ulikisoma mara ngapi?"

"Sikusoma," akasema. "Niliangalia."

Yule mama akavua miwani zote mbili. Bila miwani alionekana mzee zaidi. "Nina wabunifu watatu humu. Wote wanaangalia. Mwezi uliopita tumerudishiwa kadi za harusi, jina la bwana harusi ni la baba yake. Nikiwauliza, wananiambia, bosi, mbona imependeza!" Akakikunja kijitabu vizuri, kona kwa kona, akamrudishia. "Njoo kesho saa mbili. Miezi mitatu ya majaribio. Utachora, lakini kwanza utakuwa unasoma. Hakuna karatasi itakayopita kwenda kwenye ile mashine bila wewe."

Ungetegemea tungerudi nyumbani tunaruka. Tulirudi yeye mbele, mimi nyuma, hatua tatu kati yetu. Siku nne hakunisemesha zaidi ya "chumvi iko wapi" na "mtoto analia". Kijitabu alinirudishia bila kunitazama. Nilikirudisha kwenye jalada la kliniki.

Kazi akaianza. Miwani Mbili alimfundisha kusoma kinyumenyume, kutoka neno la mwisho kuja la kwanza, ili jicho lisijidanganye kwa mazoea. Ikamwingia mpaka nyumbani. Anakula huku anasoma pakiti ya chumvi kutoka chini kwenda juu, Kijino anacheka mpaka anapaliwa. Taratibu maneno kati yetu yakarudi. Lakini kuitika hakukukoma. Mume wangu alisema dada yake akipata mshahara wa pili ataacha. Akapata wa pili. Hakuacha.

Mwezi wa tatu, nimetoka kliniki, nikampelekea chakula cha mchana. Nikamkuta amesimama, simu sikioni, mbele yake kwenye kioo kuna kijitabu cha mazishi cha mtu mwingine, mzee mwenye kofia. Visanduku vyote vimejaa isipokuwa kimoja.

Fundi mashine akapaza sauti kutoka kule, "Dada, mashine inapoa huku!"

"Iache ipoe!" Akarudi kwenye simu, sauti ikashuka. "Najua huna la kusema, dada yangu. Sitaki maneno mazuri. Niambie tu alikuwa anakuita vipi."

Nilisikia sauti ya mwanamke upande wa pili, nyembamba, imekatikakatika. Wifi akaanza kuandika kwa mkono mmoja. Hakusogeza kitu kulia wala kushoto. Aliandika tu alivyoambiwa, akamsomea yule dada mara mbili, akamwuliza kama ni hivyo. Kisha akakisoma chote kinyumenyume, akaenda mwenyewe kukikabidhi.

Akanisindikiza mpaka getini. Jua lilikuwa kali, tukasimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta, migongo imeshikana na matofali.

"Mimi alikuwa ananiita mara mbili, wifi," akasema.

"Najua."

"Nilizoea. Ile ya kwanza nilikuwa siihesabu. Ile Alhamisi nikawa nangoja ya pili."

Nilimhamisha Kijino kutoka bega hili kwenda lile. Nilikuwa nimelibeba neno langu tangu siku ile, zito kuliko mtoto.

"Nilisikia," nikamwambia.

"Ulisikia nini?"

"Alivyoita. Nilikuwa nimekaa uani, mlango uko wazi, miguu imevimba. Nikasema, binti yake yupo karibu, atakwenda. Nikaendelea kukaa."

Aliniangalia. Nilingoja aondoke. Badala yake alinyoosha mkono akafuta kitu kwenye shavu la mtoto, ingawa hapakuwa na kitu, na mkono ukabaki pale.

"Kwa hiyo tulikuwa wawili," akasema.

"Wawili."

Fundi mashine akamwita. Akaingia ndani.

Jioni ile, kabla taa hazijawashwa, aliniomba kadi ya kliniki. Akatoa kijitabu, akachonga penseli, akakaa pale mezani na kompyuta imefungwa. Akaukata mstari ule wa kushikilia nafasi, mara moja, kwa rula. Akaandika chini yake. Alipomaliza akanirudishia. Na mimi sikusoma. Niliangalia tu. Ni mistari minne. Kesho yake alikipeleka kwa Mama Pindo, kikabandikwa juu ya cherehani, palepale ambapo ukuta ulikuwa mweupe zaidi.

Majaribio yalikwisha, ameandikwa kazi. Sasa anatoka asubuhi na blauzi mpya, ya njano, na siku hizi sijamsikia akiitika.

Juzi nilikuwa sebuleni peke yangu na mtoto, nakunja nepi. Wifi yuko kazini, mume wangu yuko kazini, redio imezimwa. Kijino alikuwa anacheza na kile kibanio cha nguo. Mara akakiacha, akageuza kichwa, akautazama mlango wa chumba cha ndani. Akatulia hivyo, kama mtu anayesikiliza.

Sikungoja mara ya pili. Niliweka nepi chini, nikasema, "Abee, mama," nikainuka nikaenda.